MAISHA YA BWANA ALBERT HOWARD, MTU WA MBOLEA



Wote mnajua lile shimo nyuma ya jiko la internati. Wadogo wa darasa la kwanza wanaliita kaburi la mkubwa, na mkubwa mwenyewe ni mimi. Mwaka uliopita niliwaomba muchimbe pale, tukatia maganda ya ndizi, maganda ya mihogo, majani mabichi ya shambani na mavi ya ngombe, kisha nikaamuru kila mtu apande juu akanyage, ili vitu vingi viingie. Mvua ikanyesha majuma mawili. Ninyi mnajua yaliyofuata: nzi, na harufu iliyofika paka mezani wakati wa chakula. Tulifunika kwa udongo haraka, na maharagi yetu ya msimu ule yalitoka ya manjano kama ya mbele. Haikuwa jambo la kucheka tu. Shamba lile ndilo linalopunguza bei ya chakula cha internati, na kama shamba halizai, minervali inapanda, na kuna ndugu zetu ambao wazazi wao hawawezi kuongeza hata kidogo.

Mwalimu wetu wa biolojia hakunicheka. Alinipa karatasi za kusoma juu ya mtu mmoja aliyekufa zamani, Albert Howard. Nimezisoma zote, na ndiyo maana naandika maisha yake katika gazeti letu.

Albert Howard alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 1873 huko Bishop's Castle, katika jimbo la Shropshire, upande wa magharibi wa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima. Kwa hiyo mtoto alikua kati ya ngombe na majembe, na jambo hili tulishike, sababu litarudi. Alikuwa na akili ya masomo. Alisoma London, kisha katika chuo kikuu cha Cambridge, akapata sifa kubwa katika sayansi ya viumbe.

Mwaka 1899 alipata kazi ya kwanza mbali na kwao, katika kisiwa cha Barbados, ngambo ya bahari kubwa ya Atlantiki. Kazi yake ilikuwa kuchunguza magonjwa ya mimea yanayoletwa na kuvu, zaidi sana magonjwa ya miwa. Alikaa ndani ya laboratwari na mikroskopu. Aliweza kutaja jina la kila ugonjwa. Lakini wenye mashamba walipomuuliza wafanye nini, alikuwa na maneno tu, hakuwa na shamba lake mwenyewe la kujaribu dawa aliyowashauri. Jambo hili lilimsumbua sana. Yeye, mtoto wa mkulima, aliona aibu kumshauri mkulima kufanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mikono yake. Mimi ninapofika hapa ninafikiri juu yetu sisi tunaotayarisha Mtihani wa Serikali. Tunaweza kuandika juu ya azoti ukurasa mzima, lakini ukituuliza azoti ile inafika namna gani katika haragi, tunanyamaza.

Mwaka 1902 aliondoka Barbados. Alirudi Uingereza akafundisha katika chuo cha kilimo cha Wye, jimbo la Kent, ambapo alitumika juu ya mmea ule unaotiwa katika bia (Bwana Prefe atanisamehe). Hakukaa sana. Mwaka 1905 serikali ya Waingereza iliyotawala India ilimuita kuwa mtaalamu wa mimea huko Pusa, katika jimbo la Bihar. Mwaka huohuo alioa Gabrielle Matthaei.

Huyu mama tusimpite mbio. Alikuwa msomi wa Cambridge kama mume wake, na alikuwa amekwisha kutoa kazi zake mwenyewe juu ya namna majani yanavyotumia mwanga. Huko India walitumika pamoja, wakaandika pamoja, na watu waliowajua hawakuweza kusema wazo fulani ni la nani kati yao wawili. Mara ya kwanza alitumika bila cheo cha kweli. Mwaka 1913 serikali ilimpa cheo cha mtaalamu wa pili wa mimea, chini ya mume wake. Vitabu vingi vinamtaja Howard peke yake, na wasichana wa shule yetu wana haki ya kulalamika.

Pusa palikuwa na majumba mazuri ya sayansi, lakini kila mtaalamu alifungiwa katika chumba chake. Mmoja wa wadudu, mmoja wa kuvu, mmoja wa kemia, na Howard wa mimea. Mmea mmoja ukiugua, waligawanya ugonjwa wake kama watu wanaogawa nyama. Howard hakupenda. Aliomba shamba, akapewa eka 75, na hapo akafanya kitu ambacho wakubwa wake hawakukitazamia. Alitoka nje akaenda kutazama mashamba ya wanakijiji wa Bihar.

Aliona nini? Watu wale hawakuwa na dawa ya wadudu, wala hawakununua mbolea ya kiwandani, lakini mimea yao ilikuwa na magonjwa machache kuliko alivyotegemea. Walichanganya mbegu za namna nyingi katika shamba moja, nafaka pamoja na mimea ya jamii ya maharagi, kama mama zetu wanavyochanganya mahindi na maharagi mlimani. Howard alikata shauri kwamba wakulima hawa watakuwa walimu wake. Hata wadudu na magonjwa aliwahesabu kuwa walimu: mdudu akija juu ya mmea, kazi yake ni kuonyesha kwamba mkulima amekosea mahali fulani, labda mbegu haifai pale, labda udongo umechoka au maji hayana njia. Kwa miaka mitano alijaribu hivyo, na kufika mwaka 1910 hivi alikuwa anavuna mimea mizuri bila dawa.

Wakati uleule yeye na mke wake walichagua mbegu za ngano zilizokuja kuenea sana India, zile zinazoitwa Pusa 4 na Pusa 12. Wakati wa joto walipanda milimani huko Quetta, ambako leo ni Pakistan, kujaribu miti ya matunda. Juu ya mambo hayo kuna mengi, lakini si yaliyonileta hapa.

Habari ya ngombe lazima niiseme. Howard alipewa ngombe wake wa kulima, jozi sita, akawalisha majani mazuri kutoka katika udongo aliouponya. Walikaa karibu na ngombe wengine waliokuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Kati yao palikuwa na ua mdogo tu, na Howard aliwaona wakigusana pua. Ngombe wake hawakuugua. Tangu siku ile aliamini kwamba udongo wenye afya unazaa mimea yenye afya, na mimea ile inazaa mnyama na mtu mwenye afya. Hapa mwalimu wetu wa biolojia alinionya, na mimi nawaonya vilevile. Ngombe kumi na wawili si ushahidi wa kutosha, na hakuna daktari wa mifugo leo atakayesema mtu aache kuchanja ngombe kwa sababu ana mbolea nzuri. Howard alipopenda wazo, alilipenda kupita kiasi. Alikuwa mtu wa namna ile.

Sasa nafika pahali penyewe. Katika India ya wakati ule, kama vile leo katika vijiji mingi, mavi ya ngombe yalikaushwa yakachomwa kama kuni, sababu miti ilikuwa michache. Kwa hiyo samadi iliyobaki kwa shamba ilikuwa kidogo. Upande mwingine mabua, majani, magugu na mabaki ya mavuno yalikuwa mengi, lakini yenyewe peke yake hayaozi upesi. Howard alikuwa amesoma kitabu cha Mmarekani F. H. King, kilichotoka mwaka 1911, juu ya wakulima wa China, Korea na Japani. Watu wale walilima udongo uleule kwa karne nyingi sana bila kuuchosha, kwa sababu walirudisha kila kitu katika udongo. Alijiuliza: namna gani kuchukua mavi kidogo na mabaki mengi, na kupata mbolea nyingi?

Ili kutafuta jibu alitaka pahali ambapo hakuna mtu wa kumgawia chumba. Alipata pesa kutoka kwa halmashauri ya pamba ya India na ardhi ya eka 300 kutoka kwa utawala wa Indore, katikati ya nchi. Mwaka 1924 wakahamia huko, yeye na Gabrielle, na kule wakaanzisha chuo cha mimea. Pamoja nao alitumika Mhindi mmoja mtaalamu wa kemia, Yeshwant Wad, ambaye alipima kila shimo.

Njia yao inaitwa njia ya Indore. Nitaieleza polepole, sababu ndipo nilipoona makosa yangu moja kwa moja.

Kwanza, walianza katika zizi. Sakafu ya zizi ilikuwa udongo mkavu, si simenti, ili mikojo ya ngombe inywewe na udongo. Kila miezi mitatu ao mine udongo ule ulitolewa, ukawekwa udongo mpya. Sisi mikojo tunaiacha iende mtaroni, na ndani yake kuna azoti nyingi. Juu ya sakafu walitandika mabua na majani makavu, ngombe wakalala juu yake, wakayakanyaga na kuyalowesha. Mabua magumu ya pamba hayakutupwa. Waliyatandaza katika njia ya shamba, magari ya ngombe yakapita juu yake kila siku, yakavunjika yenyewe. Hakuna mtu aliyelipwa kuyaponda! Majani mabichi nayo yaliachwa yanyauke kwanza.

Pili, shimo. Lilikuwa na urefu wa mita 9, upana wa mita 4 na zaidi, lakini kwenda chini sentimita 60 tu. Ndugu, letu lilikuwa la mita mbili kwenda chini! Nilifikiri shimo refu ndilo shimo la watu wenye bidii. Kumbe viumbe vidogo vinavyoozesha mabaki vinapumua kama sisi. Chini kabisa hakuna hewa, viumbe vile vinakufa, vinakuja vingine visivyotaka hewa, na hivi ndivyo vinavyoleta harufu mbaya na kupoteza azoti. Na mimi nikaongeza kuamuru mukanyage.

Wao walitia tabaka jepesi la mabaki makavu yaliyochanganywa, juu yake matandiko ya zizi yenye mavi, kisha wakanyunyiza udongo wa mikojo na majivu ya kuni, kisha maji. Halafu tena tabaka lingine, hivyo hivyo, wakipanga bila kushindilia. Majivu yanazuia uchachu. Maji yanatosha kulowesha, kama nguo iliyokamuliwa, si kama supu. Shimo lilijazwa kwa muda wa juma moja hivi. Ndani ya siku chache kuvu nyeupe inaonekana, na moto unapanda. Walipima, ukafika karibu digri 65, mkono hauwezi kukaa. Moto huo unaua mbegu za magugu na mayai ya nzi.

Baadaye wanageuza yote mara tatu: majuma mawili hivi baada ya kujaza, tena mwezi mmoja baada ya kujaza, tena miezi miwili. Kila mara wanaongeza maji, na hewa inaingia. Baada ya miezi mitatu joto limeshuka, na kitu kilichobaki ni cheusi, kinavunjika mkononi, na harufu yake ni ya udongo wa msituni baada ya mvua.

Juu ya nini kuchanganya vitu namna ile? Mabua makavu yana kaboni nyingi na azoti kidogo. Mavi na mikojo yana azoti. Wad na Howard waliona kwamba mwanzoni inafaa sehemu 30 na zaidi kidogo za kaboni kwa sehemu moja ya azoti. Kaboni ikizidi, mabaki yanakaa miezi bila kuoza. Azoti ikizidi, inapaa hewani, unaisikia puani. Shimo letu lilikuwa na maganda mabichi na mavi tu, bua kavu hata moja hapana. Mabua tuliyachoma siku ileile ili uwanja uwe safi kwa wageni.

Na jambo la mwisho lilinifanya nisimame na kucheka peke yangu usiku. Wakati wa mvua kubwa za India, mashimo ya Indore yalijaa maji. Howard akaacha mashimo, akapanga mbolea juu ya ardhi kama vichuguu. Sisi wa milima hii, ambao mvua inatunyeshea sehemu kubwa ya mwaka, tulichimba shimo mwezi wa 10!

Mwaka 1930 Gabrielle alikufa. Mwaka uliofuata, 1931, Howard na Wad walitoa kitabu juu ya njia yao, na Howard akaacha kazi ya India baada ya miaka 26, akarudi Uingereza. Aliowa Louise, mdogo wa Gabrielle, ambaye naye alikuwa msomi, na ndiye aliyemsaidia katika vitabu vya uzee wake. Mwaka 1934 mfalme alimpa heshima ya kuitwa Sir.

Njia ya Indore haikubaki Indore. Mashamba ya majani ya chai huko India na Ceylon, inayoitwa leo Sri Lanka, yaliishika. Hapa Afrika, pahali pa kwanza palikuwa shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu katika Kenya, ambapo kazi ilianza mwezi wa 2 mwaka 1933. Haya yalikuwa mashamba ya wakoloni, na watu waliobeba vikapu na kugeuza vichuguu walikuwa Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa. Hilo nalo ni sehemu ya habari, na mimi siwezi kulificha.

Katika Uingereza wasomi wengi hawakumkubali. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, viwanda vilivyokuwa vinatengeneza azoti kwa ajili ya mabomu viligeuka kuuza azoti kwa wakulima, na watu walisema mambo ya mavi ya ngombe yamekwisha. Howard aliwajibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1940. Alisema udongo ni kitu chenye uhai, na mtu anayechukua bila kurudisha ni kama mwizi. Alieleza pia kuvu zinazoshikana na mizizi ya mimea na kuilisha. Wakati ule wengi walidharau neno hili, na leo linafundishwa katika kila chuo cha kilimo. Lakini aliposema kwamba mbolea ya viwanda ni sumu katika kila hali, na kwamba magonjwa karibu yote yatakwisha kwa mbolea ya mboji, alipita mipaka ya aliyoyapima. Udongo uliokosa fosfati kabisa hauwezi kuipata katika mabua yaliyoota juu ya udongo uleule. Mwalimu wetu alinionyesha jambo hili kwa hesabu, na nafikiri ana haki.

Watu waliosoma vitabu vyake walikuwa mingi kuliko wasomi waliomkataa. Huko Marekani J. I. Rodale alianzisha gazeti la kilimo mwaka 1942 kwa sababu yake. Katika Uingereza mama Eve Balfour na wenzake walianzisha chama cha udongo mwaka 1946. Howard mwenyewe hakukubali kuingia katika chama kile. Nilikwambia, alikuwa mtu wa namna ile. Alikufa karibu na London, huko Blackheath, tarehe 20 mwezi wa 10 mwaka 1947, akiwa na miaka 73.

Sasa juu ya kaburi. Wale wa darasa la tano wameona kwamba pembeni yake kuna kichuguu kirefu, kimefunikwa na majani ya ndizi. Kimepangwa juu ya ardhi, si ndani. Mabua ya mahindi tuliyatandaza katika njia ya kuingia shuleni majuma matatu, na miguu yenu imeyavunja bila ninyi kujua. Mama wapishi wanatuwekea majivu kando, nawashukuru. Tulipofungua mara ya kwanza nilitia mkono ndani nikautoa haraka, na hakuna nzi hata mmoja. Kugeuza kwa mara ya pili ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, wavulana na wasichana wa darasa la nne na la tano. Mulete majembe yenu. Na tafadhali, mtu asipande juu.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita